Mzee Steichen na sinema ya Bibi Mpiganaji



Juzi Jumamosi nilikaa na mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, tukaangalia sinema moja ya zamani niliyoishusha kwenye intaneti. Inaitwa The Fighting Lady, kwa lugha yetu tuseme Bibi Mpiganaji, ya mwaka 1944. Si sinema ya kuigiza. Ni picha halisi za manowari ya Marekani ya kubeba ndege, na vijana waliokuwa ndani yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kule Bahari ya Pasifiki. Rangi zake jamani, utadhani imepigwa jana. Bahari ya buluu, moto mwekundu, vijana wa miaka ishirini wamevua mashati wanapakia mabomu huku wanataniana.

Mpwa wangu hakutulia kwenye kiti. Kila ndege ya Kijapani ilipowaka moto na kudondoka baharini aliniomba nirudishe nyuma tuone tena. Nikarudisha. Nisiwafiche, na mimi nilikuwa nataka kuona tena. Ni sinema ya kama saa moja tu, lakini kwa kurudisharudisha huko tulikaa karibu saa mbili. Ilipobaki kidogo kuisha akapigiwa simu na wenzake, mpira unaanza, akatoka mbio. Nikaona mwisho peke yangu. Na huo mwisho ndio ulionifanya nikamtafute mzee aliyeisimamia kazi hii, nimsome vizuri tangu kuzaliwa mpaka kufa. Ndiyo habari ninayowaletea leo. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Mzee mwenyewe anaitwa Edward Steichen. Wapiga picha wa kusomea wanamjua, wengine wanamwita baba yao. Sisi wengine tunaweza tukapita jina lake bila kusimama. Alizaliwa tarehe 27 Machi 1879 katika kijiji cha Bivange, nchini Luxembourg, kale ka-nchi kaliko katikati ya Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji. Alikuwa bado mtoto wa kubebwa familia ilipohamia Marekani. Baba yake aliingia kwenye mgodi wa shaba kule Hancock, Michigan, na mgodi ukamharibia afya. Kwa hiyo nyumba akaibeba mama, kwa kutengeneza na kuuza kofia za akina mama. Baadaye wakahamia Milwaukee. Huko kijana, akiwa na miaka 15, akaanza uanagenzi kwenye kampuni ya kuchapa picha na matangazo.

Mwaka 1895 akapata kamera yake ya kwanza, Kodak ya mtumba. Katika filamu yake ya kwanza, yenye picha hamsini, iliyotoka vizuri ilikuwa moja tu, ya dada yake Lilian akiwa kwenye piano. Baba akaona hiyo ni hasara tupu. Mama yeye akasema, kwa maana, kwamba picha hiyo moja ni nzuri kiasi cha kufidia zile zote zilizoharibika. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu mama yule atarudi mbele. Na dada Lilian ndiye aliyekuja kuolewa na mshairi Carl Sandburg, kwa hiyo mashairi na picha vikawa shemeji katika ukoo mmoja.

Ya ujana wake nitayapita haraka, maana vitabu vimejaa. Mwaka 1900 alikwenda Paris, na akiwa njiani New York alimuuzia picha tatu Alfred Stieglitz, bwana mkubwa wa upigaji picha wa enzi zile, kwa dola tano kila moja. Mwaka 1903 akampiga picha tajiri wa benki J.P. Morgan, na mwanga ukapiga kwenye mkono wa kiti kwa namna ambayo mpaka leo watu wanaapa mzee yule kashika kisu. Mwaka 1904 akapiga picha ya bwawa kwenye mbalamwezi ambayo mwaka 2006 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 2.9. Nyingine, ya jengo la Flatiron la New York, mwaka 2022 ilikwenda kwa karibu dola milioni 12. Haya, hesabu wenyewe kutoka dola tano.

Sasa tuingie kwenye vita, maana ndiyo mada.

Mwaka 1917 Marekani ilipoingia Vita vya Kwanza, Steichen alikuwa na miaka 38. Akajiunga na jeshi, akaishia Ufaransa akisimamia kitengo cha picha cha jeshi la anga, chini ya Billy Mitchell. Kazi ilikuwa kupiga picha kutoka angani. Ndege inapita juu ya mahandaki ya Wajerumani, kamera inachungulia chini, filamu inasafishwa usiku huohuo, na asubuhi wapiga mizinga wanajua pa kulenga. Aliifanya vizuri mno, akatoka na cheo cha luteni kanali. Lakini alikuja kuandika, uzeeni, kwamba siku vita ilipokwisha, Novemba 1918, badala ya kushangilia na wenzake aliingiwa na huzuni iliyomkaa siku kadhaa. Hakuwa amemfyatulia mtu risasi. Lakini picha zake ndizo zilizokuwa zinawaonyesha wenye mizinga mahali pa kuua. Watu hao hakuwahi kuwaona. Aliona nukta na mistari kwenye karatasi.

Shikeni hapo kidogo, kamera jirani na bunduki, maana itarudi.

Baada ya vita alirudi kijijini kwake Voulangis, Ufaransa, akatoa nje michoro yake yote ya rangi akaichoma moto. Yote! Akasema sasa ni kamera tu. Akapiga picha ya kikombe cheupe na kisahani chake zaidi ya mara elfu moja ili ajifunze mwanga. Kisha akaenda New York, akaingia kwenye magazeti ya Vogue na Vanity Fair, akawa mpiga picha anayelipwa kuliko wote, akiwapiga akina Greta Garbo na Charlie Chaplin. Mwaka 1938 akafunga studio na kwenda shambani Connecticut kupanda maua. Mtu mwingine angeishia hapo, na tungesema kaishi vizuri.

Lakini wapi. Vita ya pili ilipokaribia, mzee akaenda kuomba tena jeshini. Jeshi la nchi kavu likamkatalia, umri umepita. Alikuwa na miaka 62. Habari zake zikafika Jeshi la Majini, kwenye idara ya ndege, kwa ofisa mmoja aitwaye Arthur Radford aliyekuwa na kazi ya kuandaa marubani. Radford alikuwa na shida yake. Alihitaji marubani wapya kwa maelfu, na vijana wa Marekani wengi walikuwa wanakimbilia jeshi la anga la nchi kavu, lenye sifa magazetini. Alitaka picha zitakazomfanya kijana wa miaka 19 atamani kurusha ndege kutoka kwenye meli. Basi Januari 1942, wakati wazee wa rika lake wanahesabu pensheni, Steichen akavishwa sare ya luteni kamanda.

Tuliseme wazi hapa. Kazi aliyopewa ilikuwa kuvuta vijana waje vitani.

Akakusanya kikosi kidogo cha wapiga picha stadi, akina Wayne Miller, Victor Jorgensen, Horace Bristol na wenzao. Aliwapa vibali vya kwenda popote na sharti moja kubwa, nalo ni kwamba wasihangaike sana na meli wala ndege, wampige picha mtu. Meli zitachakaa na kupitwa na wakati, mtu hapitwi. Ukiangalia picha zao utaona kweli. Vijana wamelala sitahani juu ya mabomu kama wamelala kwenye magodoro, mmoja ananyolewa, wengine wanacheza karata, rubani katoka vitani anaeleza kwa mikono jinsi alivyomkimbiza adui.

Na yeye mwenyewe hakukaa ofisini. Novemba 1943 alipanda manowari ya kubeba ndege Lexington, akaenda nayo mpaka visiwa vya Gilbert na Marshall. Babu wa miaka 64 analala kwenye chumba cha chuma, analia jasho na vijana, anakimbia sitahani na kamera. Usiku wa tarehe 4 Desemba, baada ya mashambulizi ya Kwajalein, ndege ya Kijapani ikaiotea Lexington gizani na kuipiga kwa topido, lile kombora linalopita majini. Lilipiga nyuma, usukani ukakwama, meli ikabaki inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, chini ya mwezi, mpaka mafundi wakabuni namna ya kuiongoza kwa mkono. Wanamaji tisa walikufa. Steichen alikuwemo humo. Safari hiyo aliitolea kitabu mwaka 1947, The Blue Ghost, jina la utani la meli hiyo ambayo redio ya Wajapani ilikuwa ikitangaza mara kwa mara kuwa imezamishwa, na kesho yake inaonekana tena.

Sasa Bibi Mpiganaji. Sinema ilisimamiwa na Steichen kwa upande wa Jeshi la Majini, mtayarishaji akiwa Louis de Rochemont, na kampuni ya 20th Century-Fox ikaisambaza. Sauti ya msimulizi ni ya Robert Taylor, mwigizaji maarufu wa Hollywood ambaye wakati huo alikuwa luteni kwenye jeshi hilohilo. Sehemu kubwa ya kupiga picha ilifanywa na luteni kijana, Dwight Long, mtu ambaye kabla ya vita alikuwa ameizunguka dunia kwa mashua yake ndogo ya tanga. Kwa hiyo ni kazi ya wengi, nisimpe mzee yote. Walitumia filamu nyembamba ya milimita 16, ya rangi, ambayo baadaye ilikuzwa ili ionyeshwe kwenye majumba ya sinema. Ndiyo maana picha ina chengachenga kidogo, lakini rangi zake zimekaa mpaka leo.

Meli haitajwi jina, kwa ajili ya siri za vita. Inaitwa tu Bibi Mpiganaji. Sasa kila mtu anajua ilikuwa Yorktown, iliyoanza kazi Aprili 1943 na kupewa jina la Yorktown nyingine iliyozama kwenye vita vya Midway mwaka 1942. Urefu wake ni zaidi ya mita 260, watu wake kama 3,000, ndege zake kama 90. Ukiiangalia sinema unaona kwamba ule ni mji. Kuna kiwanda cha mikate, kuna kinyozi, kuna daktari wa meno, kuna kanisa. Na juu ya paa la mji huo kuna uwanja wa ndege, mfupi mno, ambao haukai mahali pamoja.

Nilipenda sana jinsi wanavyoonyesha kazi ya sitahani. Hapa mpwa wangu aliniuliza swali zuri, ndege inasimamaje kwenye uwanja mfupi vile? Inasimama kwa ndoano. Mkiani mwa ndege kuna ndoano, na kwenye sitaha kuna kamba za chuma zimelazwa kukingama. Rubani anashuka, ndoano inadaka kamba, ndege inavutwa nyuma kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Kuna mtu amesimama ukingoni na vibao viwili mikononi, anamwonyesha rubani kama yuko juu mno, chini mno au kapinda. Rubani anamwamini yule mwenye vibao kuliko macho yake. Akikosea mmoja wao, ndege inaingia majini au inakwenda kuvamia wenzake. Na sinema haifichi, zipo zinazovunjika vipandevipande na kuwaka, na watu wanakimbilia ndani ya moto kumtoa mwenzao.

Lakini kilichonikaa kichwani ni zile kamera za kwenye bunduki. Ndege nyingi zilifungiwa kamera ndogo iliyounganishwa na kitufe cha rashasha. Rubani akibonyeza kufyatua, na kamera inaanza kuvuta picha. Akiachia, nayo inasimama. Kwa hiyo zile picha zilizokuwa zinamrusha mpwa wangu kwenye kiti hazikupigwa na mtu. Zilipigwa na bunduki. Unapoziangalia umekaa mahali pa bunduki, unaona kile bunduki inachoona, na kwa kawaida kinachoonekana ni ndege ya mwenzako inafuka moshi. Yule ndani yake huoni uso wake. Ni kama zile nukta na mistari za mwaka 1918, ila sasa zina rangi na zinakimbia.

Steichen alikuwa anajua hilo? Mimi nafikiri alijua, na ndiyo sababu alisisitiza nyuso. Sinema inatupeleka kwenye mashambulizi ya kisiwa cha Marcus, Agosti 1943, halafu Kwajalein, halafu Truk, ngome kubwa ya Wajapani, Februari 1944, ambako kwa siku mbili zilizama meli zaidi ya 30. Kisha vita vya Juni 1944 karibu na visiwa vya Mariana, ambako Wajapani walipoteza ndege zaidi ya 300 kwa siku moja, mpaka Wamarekani wakauita mchezo wa kuwinda bata mzinga. Lakini katikati ya vishindo hivyo inarudi kila mara kwa vijana walewale. Huyu anakula, huyu anaandika barua, huyu anangoja zamu yake. Unawazoea. Na mwishoni, baada ya mazishi ya baharini, sauti ya msimulizi inarudi kwa baadhi ya vijana hao uliokwisha kuwazoea na kukuambia kuwa hawakurudi.

Hapo ndipo mpwa wangu hakuwepo.

Sinema ilitolewa mwishoni mwa 1944, na Machi 1945 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya matukio halisi. Wakati huo Steichen alikuwa amepewa usimamizi wa upigaji picha wote wa vita wa Jeshi la Majini, watu zaidi ya 4,000. Mwezi huohuo wa Machi alikanyaga Iwo Jima, kisiwa ambacho maelfu kwa maelfu ya watu wa pande zote mbili walikufa ndani ya wiki tano. Picha yake ninayoikumbuka kutoka huko haina bendera wala shujaa. Ni vidole vya askari wa Kijapani vinatokeza kwenye kifusi. Basi, vidole tu. Baada ya miaka yote ile, nukta ikawa na mkono.

Niseme na la kwetu, maana hata nilipokuwa naangalia lilikuwa linanikereketa. Vita hiyohiyo na Wajapani iliwachukua na watu wetu. Tarehe 12 Februari 1944, siku tano tu kabla ya Truk, meli Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama ndani ya dakika chache na watu karibu 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki na wauguzi. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiisindikiza zilirusha mabomu ya majini kuiwinda nyambizi, na baadhi ya waliokuwa wanaogelea walikuwa palepale. Hakukuwa na Steichen. Babu yangu mzaa mama alipelekwa Burma miezi michache baadaye kwa meli ya njia hiyohiyo, akarudi, na ushahidi wote tulionao wa vita yake ni picha moja ya studio, amesimama wima na kofia, nyuma yake pazia lililochorwa mti. Mwingine ana saa nzima ya rangi, mwingine ana pazia. Haya, tuendelee.

Mwaka 1947 Steichen akawa mkurugenzi wa picha kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York. Humo alikuwa amekwisha kuandaa maonyesho mawili ya vita, la mwaka 1942 na la mwaka 1945, na mwaka 1951 akaongeza la tatu, la vita ya Korea. Nia yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilikuwa kwamba watu wakiionyeshwa vita ilivyo, bila kuipaka poda, watachukia vita na kuifuta duniani. Watu wakaja, wengi. Walitazama. Wengine walilia kabisa. Halafu wakatoka nje na kwenda kunywa, vita ikaendelea. Uzeeni aliandika bila kujitetea kwamba alishindwa. Mtu aliyepewa Oscar, nishani na vyeo anasema mwenyewe nilishindwa. Nimewahi kusoma maisha ya wakubwa wengi na sikumbuki kulikuta neno hilo mara nyingi.

Mimi lakini nina neno langu hapa, mnaweza kunipinga. Nadhani hakusema yote. Sinema kama Bibi Mpiganaji haikutengenezwa kuwafanya watu wachukie vita, ilitengenezwa ili vita ishindwe na watoto wa watu wakubali kwenda. Na mwaka 1944, na adui aliyekuwepo, siwezi kumlaumu. Lakini huwezi kumkalisha mtu nyuma ya bunduki saa nzima, umwonjeshe utamu wake, halafu dakika tano za mwisho umwombe aichukie. Mpwa wangu si mtoto mbaya. Alifanya alichofundishwa na kamera.

Mzee alifanya nini baada ya kukiri? Akageuza njia. Yeye na Wayne Miller, yuleyule wa kikosi cha majini, ambaye Septemba 1945 alikuwa amefika Hiroshima na kuona kwa macho yake, walikaa karibu miaka mitatu wakichambua mamilioni ya picha. Januari 1955 wakafungua maonyesho ya The Family of Man, Familia ya Binadamu. Picha 503, wapiga picha 273, nchi 68. Kuzaa, kucheza, kulima, kuoana, kuzika. Shemeji Sandburg akaandika maneno ya utangulizi. Mama yule muuza kofia naye akatiwa humo, picha yake aliyopigwa na mwanawe. Ndani kukawa na chumba cha giza chenye picha moja kubwa ya rangi, ya mlipuko wa bomu la haidrojeni. Serikali ya Marekani ikayatembeza maonyesho hayo duniani, na watu zaidi ya milioni tisa wakayaona.

Hayo nayo hayakupita bila lawama. Mwaka 1959 yalipofika Moscow, mwanafunzi mmoja wa udaktari kutoka Nigeria alirarua baadhi ya picha, akieleza kwamba Waafrika na watu wengine wasio weupe wameonyeshwa nusu uchi, kama washamba wa dunia, wakati Wazungu wameonyeshwa wamevaa na wana heshima zao. Nimeziangalia picha hizo tena nikiwa na malalamiko yake mkononi, na kwa sehemu kubwa nakubaliana naye. Familia ni moja, sawa, lakini kwenye picha ya familia inajulikana nani kawekwa kwenye kiti na nani kasimamishwa nyuma. Maonyesho yenyewe mpaka leo yapo, tangu 1994 yamewekwa ndani ya ngome ya Clervaux, nchini Luxembourg, kule alikozaliwa, na mwaka 2003 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Yorktown nayo ipo, imefungwa gati kule Charleston, South Carolina, tangu 1975 ni makumbusho, watoto wa shule wanapelekwa kukanyaga ile sitaha.

Steichen alistaafu mwaka 1962. Mke wake wa pili, Dana, alikuwa amefariki mwaka 1957, na mwaka 1960 akaoa tena, akiwa na miaka 80, mke kijana sana, Joanna. Watu walisema, yeye hakujali. Mwaka 1963 akapewa ile nishani ya juu ya raia wa Marekani. Na kwenye miaka hiyo ya mwisho, mtu aliyekuwa na wapiga picha 4,000 chini yake alikuwa na kazi moja ya kamera, kupiga picha mti mmoja mdogo uliokuwa kando ya bwawa shambani kwake Connecticut. Aliupiga kwa picha za kawaida na kwa sinema ya rangi, ukiwa umechanua, ukiwa umepukutika, ukiwa na theluji, mwaka baada ya mwaka. Alifariki hukohuko tarehe 25 Machi 1973, zikiwa zimebaki siku mbili atimize miaka 94.

Sinema ya Bibi Mpiganaji inapatikana bure kwenye intaneti. Mpwa wangu ameahidi kuja Jumamosi kumalizia zile dakika zilizobaki, tutaona. Na wale ambao babu zao walipita Burma au walikuwa kwenye meli ile ya Khedive Ismail, kama mna hata kapicha kamoja nyumbani, semeni hapo chini kwenye maoni. Ningependa sana kujua nani alikipiga na wapi.